Vihisi vya oksidi za metali zenye muundo wa nano katika kugundua uchafuzi wa hewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu, mafundi na yeyote anayetaka kuelewa jinsi punje ndogo mno za oksidi za metali zinavyotumika kugundua gesi chafu hewani. Yanaeleza nguvu ya vihisi hivi, na yanaeleza pia mipaka yake, kwa kuwa kipimo cha hewa kikieleweka vibaya kinaweza kumtuliza mtu aliye hatarini au kumtia hofu mtu aliye salama.

Kihisi cha oksidi ya metali ni nini?

Ni kifaa kidogo ambacho sehemu yake ya msingi ni tabaka jembamba, lenye vinyweleo vingi, la oksidi ya metali kama vile dioksidi ya bati (SnO₂), oksidi ya zinki (ZnO) au trioksidi ya tangsteni (WO₃). Tabaka hilo hutandazwa juu ya elektrodi mbili, na chini yake huwekwa hita ya kulipasha joto. Gesi fulani zikigusa uso wa oksidi hiyo, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa na sakiti. Kwa hiyo kihisi hakihesabu molekuli za gesi. Kinachopimwa ni ukinzani, na kila tarakimu ya gesi inayoonekana kwenye skrini imekokotolewa kutokana na ukinzani huo, kwa fomula ambayo mtu fulani aliichagua. Makosa mengi katika matumizi ya vihisi hivi huanza pale ambapo jambo hili limesahauliwa.

Tunaposema kwamba oksidi ina muundo wa nano, tuna maana kwamba punje, nyuzi au vibamba vinavyounda tabaka hilo vina angalau kipimo kimoja kisichozidi nanomita 100 hivi, yaani upana, unene au kipenyo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Ukinzani hubadilikaje gesi inapofika?

Oksidi nyingi zinazotumika ni nusu-kipitishi: hupitisha umeme kuliko kihami, lakini chini sana ya metali. Dioksidi ya bati, oksidi ya zinki, trioksidi ya tangsteni na oksidi ya indiamu (In₂O₃) ni za aina ya n, yaani wabebaji wakuu wa umeme ndani yake ni elektroni. Oksidi ya aina hiyo ikiwa ya moto na imezungukwa na hewa ya kawaida, molekuli za oksijeni hushika juu ya uso wake na kunyakua elektroni kutoka ndani. Chini ya nyuzi 150 za Selsiasi hivi, oksijeni hiyo huwa zaidi katika umbo la O₂⁻. Kati ya nyuzi 150 na 400 umbo la O⁻ ndilo hutawala, nalo ni kali zaidi katika kuitikia gesi nyingine.

Elektroni zikishanyakuliwa, chini ya uso wa kila punje hubaki ganda lililopungukiwa na wabebaji wa umeme, na mahali punje mbili zinapogusana hujengeka kizuizi ambacho elektroni lazima zikivuke ili mkondo upite. Ukinzani wa tabaka zima hutegemea urefu wa kizuizi hicho kwa namna ya kipeo, si kwa namna ya mstari ulionyooka. Katika joto la nyuzi 300, kizuizi kikipanda kwa elektronivolti 0.1 tu (elektronivolti ni kipimo kidogo mno cha nishati), ukinzani huongezeka takribani mara saba na nusu. Hapa ndipo chanzo cha wepesi wa vihisi hivi kilipo: tukio dogo la kikemia juu ya uso hugeuka kuwa badiliko kubwa la umeme.

Monoksidi ya kaboni (CO) ikifika, huungana na ile oksijeni iliyoshika juu ya uso na kuondoka ikiwa dioksidi ya kaboni, huku elektroni zikirudi ndani ya punje, hivyo ukinzani hushuka. Dioksidi ya nitrojeni (NO₂) na ozoni hufanya kinyume chake, kwa kuwa zenyewe hunyakua elektroni zaidi, hivyo ukinzani hupanda. Katika oksidi za aina ya p, kama oksidi ya shaba (CuO), oksidi ya nikeli (NiO) na ile ya kobalti (Co₃O₄), wabebaji wakuu ni mashimo yenye chaji chanya, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, badala ya elektroni zenyewe, kwa hiyo mielekeo yote miwili hugeuka.

Kwa nini ukubwa wa nano uwe na maana kubwa hivyo?

Jibu la haraka ambalo watu hulitoa ni eneo la uso, nalo ni la kweli. Gramu moja ya dioksidi ya bati iliyosagwa kuwa punje za duara zenye kipenyo cha maikromita 1 ina uso usiofikia mita moja ya mraba. Gramu hiyohiyo ikiwa katika punje za nanomita 10, uso wake hufikia takribani mita za mraba 86. Kwa kuwa kila kitu katika kihisi hiki hutokea juu ya uso, faida yake haihitaji kutetewa.

Hata hivyo, eneo la uso ni nusu tu ya maelezo, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo dhaifu. Nusu yenye nguvu ni unene wa lile ganda lililopungukiwa na elektroni. Katika dioksidi ya bati inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 250 hivi, unene huo ni takribani nanomita 3. Sasa tuchukue punje ya maikromita 1: ganda la nanomita 3 ni chini ya asilimia 2 ya ujazo wake, na kiini kikubwa kilichobaki hakijui kabisa kinachoendelea nje. Katika punje ya nanomita 10, ganda hilohilo huchukua takribani asilimia 94 ya ujazo. Ikishuka hadi nanomita 6, ganda la upande mmoja hukutana na la upande wa pili, na punje nzima inakuwa chini ya amri ya gesi iliyo nje.

Jambo hili halikubaki kuwa nadharia tu. Mwaka 1991, Noboru Yamazoe na wenzake nchini Japani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba wepesi wa kuhisi wa dioksidi ya bati hupanda ghafla punje zinapokuwa na kipenyo kinachokaribia nanomita 6, yaani mara mbili ya unene wa ganda. Sehemu kubwa ya utafiti uliofuata, wa nyuzi za nano, mikanda ya nano, vibamba na matufe yenye uwazi ndani, ni jitihada ya kuufikia ukubwa huo bila kupoteza mambo mengine mawili: uimara wa muundo katika joto, na njia pana za kutosha ili gesi ipenye hadi chini ya tabaka. Punje ndogo sana zikipashwa joto kwa miezi mingi huungana na kukua, na faida iliyotafutwa hupungua polepole. Ndiyo maana kihisi chenye punje za nanomita 15 zilizotulia kinaweza kuwa bora kazini kuliko chenye punje za nanomita 5 zinazoendelea kubadilika.

Nani walianzisha teknolojia hii?

Mwaka 1953, Walter Brattain na John Bardeen walionyesha kwamba gesi zinazouzunguka uso wa jerimani, elementi ambayo ni nusu-kipitishi, hubadilisha sifa zake za umeme. Mwaka 1962, Tetsuro Seiyama na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki uliopashwa joto unaweza kutumika kugundua gesi, na mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi aliwasilisha hataza ya kihisi cha dioksidi ya bati. Haja iliyosukuma kazi ya Taguchi ilikuwa ya nyumbani kabisa: milipuko iliyotokana na gesi ya kupikia iliyovuja. Uchafuzi wa hewa ya nje ulikuja baadaye, na ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu gesi iliyovuja hupimwa kwa maelfu ya sehemu kwa milioni, ilhali dioksidi ya nitrojeni barabarani hupimwa kwa makumi ya sehemu kwa bilioni.

Oksidi ipi hutumika kwa gesi ipi?

Trioksidi ya tangsteni na oksidi ya indiamu hupendelewa kwa dioksidi ya nitrojeni na ozoni. Dioksidi ya bati, hasa iliyotiwa chembe za paladi au platini, hutumika sana kwa monoksidi ya kaboni, kwa gesi zinazowaka na kwa misombo ya kaboni inayovukiza kwa urahisi. Oksidi ya zinki huitikia vizuri mvuke wa pombe na misombo mingine ya kaboni, na oksidi ya shaba inajulikana kwa uhusiano wake wa karibu na salfaidi ya hidrojeni (H₂S), ambayo huigeuza kwa muda kuwa salfaidi ya shaba inayopitisha umeme vizuri. Dioksidi ya salfa (SO₂) imebaki kuwa ngumu kwa familia hii yote katika viwango vya hewa ya nje, na anayetaka kuipima kwa uhakika afadhali aangalie mbinu nyingine.

Mgawanyo huu ni wa mwelekeo, si wa sheria. Oksidi ileile ikitengenezwa kwa njia mbili tofauti, au ikiendeshwa katika joto mbili tofauti, inaweza kuonyesha tabia mbili tofauti.

Kwa nini kihisi kipashwe joto, na joto hilo hugharimu nishati kiasi gani?

Bila joto, gesi hushika juu ya uso na kukaa, majibu huchelewa, na maji ya hewani huufunika uso wote. Joto la kati ya nyuzi 200 na 400 huharakisha kushika na kuachia. Likizidi mno, gesi huachia kabla ya kutoa jibu lolote, kwa hiyo kila oksidi ina joto linaloifaa kwa kila gesi.

Vihisi vya umbo la zamani, vyenye hita ndani ya mrija wa kauri, hutumia kati ya nusu wati na wati moja hivi. Vipya hujengwa juu ya utando mwembamba uliochongwa katika silikoni (silicon, elementi ya kutengenezea chipu), wenye hita isiyozidi sehemu ndogo ya milimita, na hutumia miliwati chache au makumi ya miliwati. Utando huo hufikia joto lake katika makumi ya milisekunde, kwa hiyo hita inaweza kuwashwa na kuzimwa kwa vipindi, na wastani wa matumizi ukashuka zaidi. Njia nyingine inayochunguzwa ni kutumia mwanga wa urujuanimno kutoka kwenye diodi ndogo badala ya joto. Mwanga huo huondoa baadhi ya oksijeni iliyoshika na kuuamsha uso, na kwa dioksidi ya nitrojeni umeonyesha matokeo mazuri hata katika joto la chumba, ingawa unyevu bado unaisumbua mbinu hii kuliko inavyoisumbua njia ya joto.

Je, kihisi kimoja kinaweza kutambua gesi moja tu na kuziacha nyingine?

Hapana, si kwa maana ambayo watu wengi huitarajia. Muundo wa nano huongeza wepesi wa kuhisi. Hauongezi kwa lazima uwezo wa kubagua. Kihisi kilichofanywa kiwe chepesi kwa monoksidi ya kaboni huwa chepesi pia kwa hidrojeni, kwa mvuke wa pombe na kwa moshi wa kupikia. Mtu akijipaka dawa ya mikono yenye pombe karibu nacho, kitaruka juu kana kwamba chumba kimejaa gesi hatari.

Zaidi ya hayo kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni gesi kufutana. Magari hutoa monoksidi ya kaboni na misombo ya kaboni, ambazo hushusha ukinzani wa oksidi ya aina ya n, na hutoa pia oksidi za nitrojeni, ambapo dioksidi ya nitrojeni huupandisha. Zikifika pamoja kwa uwiano fulani, ukinzani unaweza kubaki karibu palepale, na kihisi kikaripoti hewa safi kando ya barabara iliyojaa moshi. Hakuna fomula inayoweza kurekebisha kosa hilo kutoka kwenye kihisi kimoja chenye joto moja, kwa sababu habari yenyewe haimo ndani ya kipimo.

Njia zinazosaidia zipo. Chembe za metali adimu huwekwa juu ya oksidi ili ziwe vichocheo: paladi na platini huvunja molekuli fulani na kuzisambaza juu ya uso unaozizunguka, na dhahabu nayo husaidia katika kuoksidisha monoksidi ya kaboni. Chujio la kaboni amilifu huweza kuzuia misombo mizito kabla haijafika. Joto hubadilishwa kwa mzunguko, na umbo la jibu katika kila hatua likachunguzwa, kwani gesi tofauti hujibu tofauti katika joto tofauti. Na vihisi kadhaa vyenye oksidi mbalimbali huwekwa pamoja ili mchoro wa majibu yao yote usomwe kwa hesabu; wazo hili lilielezwa mwaka 1982 na Krishna Persaud na George Dodd, nalo ndilo msingi wa kile kinachoitwa pua ya kielektroniki. Njia hizi hupunguza tatizo, wala haziliondoi.

Unyevu wa hewa huathirije kipimo?

Huathiri sana. Mvuke wa maji huitikiana na uso wa oksidi na kuacha vikundi vya hidroksili (OH), ambavyo hushusha ukinzani wa oksidi ya aina ya n na kuchukua nafasi ambazo gesi inayotafutwa ingezihitaji. Matokeo yake ni mawili kwa pamoja: ukinzani wa msingi unahama, na wepesi wa kuhisi unapungua. Kifaa chochote cha kupima hewa ya nje kisichopima pia unyevu na joto la hewa, kisha kuvitumia katika hesabu, kwa sehemu kubwa kitakuwa kinaripoti hali ya hewa kwa jina la uchafuzi. Mvua ikinyesha usiku, nacho kikaonyesha gesi imeongezeka, jambo la kwanza la kushukiwa ni maji.

Je, vihisi hivi vinaweza kufikia viwango vilivyopendekezwa kwa afya?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza dioksidi ya nitrojeni isizidi maikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 25 kwa wastani wa saa 24. Kwa ozoni ni maikrogramu 100 kwa wastani wa saa 8, na kwa monoksidi ya kaboni ni miligramu 4 kwa wastani wa saa 24. Tukizigeuza katika joto la nyuzi 25, maikrogramu 25 za dioksidi ya nitrojeni ni takribani sehemu 13 kwa bilioni, maikrogramu 100 za ozoni ni sehemu 51 kwa bilioni, na miligramu 4 za monoksidi ya kaboni ni sehemu 3.5 kwa milioni.

Katika maabara, oksidi zenye muundo wa nano huweza kuitikia viwango vya namna hiyo, hasa vya dioksidi ya nitrojeni na ozoni. Lakini kuitikia si kupima. Kihisi kinachoonyesha badiliko kwenye sehemu 10 kwa bilioni ndani ya hewa kavu ya mtungi, chini ya joto lisilobadilika, hakijathibitisha kwamba nje, ambako unyevu, joto na gesi nyingine hubadilika kila saa, kinaweza kutofautisha sehemu 10 na sehemu 20. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linaloamua kama kifaa kitamfaa mtu au kitampotosha.

Je, vinapima vumbi laini la PM2.5 au dioksidi ya kaboni?

Vumbi hapana. Chembe za PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, katika vifaa vya bei nafuu hupimwa kwa mwanga wa leza unaotawanywa na chembe hizo, na hiyo ni teknolojia nyingine kabisa.

Dioksidi ya kaboni pia, kwa matumizi ya kawaida, hapana. Ni molekuli tulivu ambayo haitoi wala kunyakua elektroni kwa urahisi juu ya uso wa oksidi, na kipimo chake cha kuaminika hutumia jinsi inavyofyonza mwanga wa infraredi. Baadhi ya vihisi vya oksidi ya metali hutoa tarakimu inayoitwa dioksidi ya kaboni ya kukadiria. Tarakimu hiyo hukisiwa kutokana na misombo ya kaboni itokayo kwa watu na vitu chumbani, kwa dhana kwamba vyote huongezeka pamoja. Chumba kikisafishwa kwa kemikali zenye harufu kali, makadirio hayo yatapaa ilhali dioksidi ya kaboni haijabadilika.

Kusawazisha kihisi maana yake nini, na kwa nini kusifanyike mara moja tu kiwandani?

Kusawazisha ni kutafuta uhusiano kati ya ukinzani unaosomwa na kiasi halisi cha gesi. Katika vihisi hivi uhusiano huo si mstari ulionyooka. Mara nyingi jibu hulingana na kiasi cha gesi kilichopandishwa kwa kipeo kilicho chini ya moja. Kwa maneno mengine, gesi ikiongezeka maradufu, jibu haliongezeki maradufu, na kosa dogo katika kusoma ukinzani hukua linapogeuzwa kuwa kiasi cha gesi.

Njia inayoaminika zaidi kwa hewa ya nje ni kukiweka kihisi kando ya chombo rejea, yaani kifaa cha usahihi wa juu ambacho vingine hulinganishwa nacho, kwa wiki kadhaa, vyote vikivuta hewa moja. Vyombo rejea hutumia kanuni tofauti kabisa: dioksidi ya nitrojeni hupimwa kwa mwanga unaotolewa na mmenyuko wa kikemia, ozoni kwa ufyonzaji wa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, na monoksidi ya kaboni kwa ufyonzaji wa infraredi. Data za pande zote mbili, pamoja na joto na unyevu, hutumika kutafuta hesabu inayoviunganisha, kisha hesabu hiyo hujaribiwa kwa data ambazo haikuwahi kuziona.

Usawazishaji wa kiwandani hautoshi kwa sababu hewa ya kiwandani si hewa ya mahali kihisi kitakapofanya kazi. Tena nina onyo kuhusu matumizi ya ujifunzaji wa mashine hapa. Programu ikipewa joto, unyevu na saa ya siku, inaweza kujifunza kwamba ozoni hupanda mchana wa jua na kwamba dioksidi ya nitrojeni hupanda magari yanapojaa barabarani, kisha ikatabiri vizuri karibu bila kukitazama kihisi. Vivyo hivyo ozoni na dioksidi ya nitrojeni mara nyingi huenda kinyume, kwa sababu monoksidi ya nitrojeni itokayo kwenye magari huila ozoni na kugeuka kuwa dioksidi ya nitrojeni, na programu huweza kuikisia moja kutokana na nyingine. Matokeo kwenye karatasi yatapendeza. Kifaa kikihamishiwa mahali pengine, au siku ambayo kiwanda jirani kitamwaga moshi usio wa kawaida, programu hiyo itaendelea kuripoti siku ya kawaida. Jaribio la uaminifu ni kuondoa data za kihisi kwenye hesabu na kutazama utabiri unaharibika kiasi gani. Ukiharibika kidogo tu, basi kihisi hakikuwa kikifanya kazi iliyodaiwa.

Kihisi hudumu kwa muda gani?

Vilivyotengenezwa vizuri hudumu miaka kadhaa, na hiyo ni moja ya sifa zake bora. Hata hivyo ukinzani wa msingi huhama polepole kwa sababu punje hukua, mipaka yake hubadilika na uchafu hujikusanya, kwa hiyo kuangaliwa upya kila baada ya miezi michache ni sehemu ya matumizi ya kawaida. Adui mkubwa zaidi ni mvuke wa silikoni ya aina nyingine (silicone, si ile ya kutengenezea chipu) utokao kwenye gundi, vilainishi na baadhi ya vipodozi: ukifika kwenye uso wa moto huungua na kuacha utando wa silika ambao hauondoki. Kihisi kilichozibwa hivyo hutoa tarakimu tulivu, nzuri kwa macho, zisizo na maana. Kamwe kisifungwe ndani ya sanduku lililozibwa kwa gundi ya silikoni.

Vinatofautianaje na vihisi vya kielektrokemia?

Vya kielektrokemia, ambamo gesi humenyuka kwenye elektrodi zilizo ndani ya kimiminika, hutoa mkondo unaolingana karibu moja kwa moja na kiasi cha gesi, hutumia nishati kidogo mno na hubagua gesi vizuri zaidi, lakini kimiminika kilicho ndani yake hukauka au huchakaa, na vingi hubadilishwa baada ya miaka miwili hivi. Vya oksidi ya metali ni vidogo, vya bei ya chini na vya kudumu, lakini vinahitaji joto na hesabu nyingi zaidi. Kwa dioksidi ya nitrojeni na monoksidi ya kaboni za nje, ningeanza na vya kielektrokemia. Kwa misombo ya kaboni ya ndani ya majengo, ningeanza na vya oksidi ya metali.

Nina kihisi cha familia ya MQ shuleni. Nitakitumiaje kwa haki?

Vihisi vya MQ ni moduli za bei nafuu zinazotumia dioksidi ya bati, na vinafaa sana kwa kufundishia. Kwanza kiache kikiwa kimewashwa kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuamini chochote. Pili, kokotoa ukinzani wake kwa kuchukua volteji ya sakiti, kuigawanya kwa volteji inayosomwa kwenye rizista ya mzigo (ile iliyounganishwa kwa mfuatano na kihisi), kutoa moja, kisha kuzidisha kwa ukinzani wa rizista hiyo. Tatu, andika uwiano wa ukinzani huo na ule wa hewa safi, na uishie hapo. MQ-7, iliyokusudiwa kwa monoksidi ya kaboni, inahitaji hita yake iendeshwe kwa volti 5 kwa sekunde 60, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, na kipimo kichukuliwe katika kipindi cha chini. Ikiendeshwa kwa volti 5 muda wote, haifanyi kazi iliyotengenezewa.

Programu nyingi zinazosambazwa hugeuza MQ-135, kihisi kingine cha familia hii, kuwa kipima dioksidi ya kaboni. Kwa sababu zilizoelezwa hapo juu, wanafunzi wasifundishwe hivyo. Mwanafunzi anayeandika kwamba ukinzani ulishuka hadi nusu dirisha lilipofungwa ameandika jambo la kweli, na ukweli huo una thamani kuliko tarakimu ya kubuni yenye desimali mbili.

Je, naweza kukitumia kama kengele ya monoksidi ya kaboni nyumbani?

Usifanye hivyo. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na inaua. Kengele za nyumbani hujaribiwa kwa viwango maalumu, kama EN 50291 barani Ulaya na UL 2034 nchini Marekani, vinavyoeleza kengele ilie katika kiasi gani na baada ya dakika ngapi. Baadhi ya kengele zilizoidhinishwa zimetumia kihisi cha oksidi ya metali ndani yake, lakini kilichoidhinishwa ni kifaa kizima pamoja na sakiti na hesabu zake. Moduli iliyounganishwa kwa waya mezani haijapita jaribio hilo.

Je, chembe za nano zilizomo ni hatari kwa mtumiaji?

Katika kihisi kilichokamilika, punje zimeunganishwa kwa joto kali na kushikamana na kauri au silikoni ya chipu, wala hazipeperuki. Hatari iko kwa anayeshughulika na unga mkavu maabara, ambaye anapaswa kufanya kazi ndani ya kabati lenye kuvuta hewa na kuvaa barakoa inayofaa.

Nikisoma utafiti unaodai kihisi kipya kina uwezo wa kipekee, niangalie nini?

Angalia kwanza kama kilijaribiwa katika hewa yenye unyevu, na kama unyevu huo ulibadilishwa. Kisha tazama kiasi cha gesi: matokeo ya sehemu 100 kwa milioni za dioksidi ya nitrojeni hayahusiani na hewa ambayo watu huivuta barabarani. Uliza gesi zilijaribiwa zikiwa zimechanganywa au moja moja, kwa kuwa jedwali linaloonyesha kila gesi peke yake halisemi lolote kuhusu kufutana. Tafuta idadi ya vihisi vilivyotengenezwa, maana kihisi kimoja kizuri ni bahati hadi vingine kumi vifanane nacho. Tazama muda wa jaribio, kwani siku chache hazionyeshi kuhama kwa kipimo, na tazama muda wa kurudi kwenye hali ya mwanzo, ambao mara nyingi hutajwa kwa haraka au hufichwa kwenye mchoro mdogo. Kwa kifaa kilicho tayari kuuzwa, uliza kama kimepimwa kwa utaratibu unaotambulika, kwa mfano ule wa Ulaya wa vihisi vya gesi, CEN/TS 17660-1, uliotolewa mwaka 2021, na uombe kuona data za jaribio la nje pamoja na chombo rejea, zikiwemo zile za miezi ya mvua.